Farasi 400 wa Kwenye Tangazo

Waambie leo madereva wa malori wa Afrika Mashariki walioko Marekani kwamba unatafuta gari-nyumba la dizeli lililotumika, yale makubwa ya futi 36 hadi 42 yenye injini nyuma kama basi. Hutaulizwa una watoto wangapi wala utaliegesha wapi. Utaulizwa: "Farasi wangapi?" Ukijibu 300, utaonewa huruma. Ukijibu 400, utapigwa begani na kuitwa mkubwa. Dalali naye ameshaujua ugonjwa huu, ndiyo maana tangazo lake linaanza na nguvu za injini kwa herufi kubwa, likafuata na rangi ya makochi, na mwisho kabisa, kama nafasi imebaki, neno moja kuhusu breki.

Nasaha inayotolewa ni fupi: nunua injini kubwa kuliko zote ambazo mfuko wako unazimudu, maana hakuna aliyewahi kujutia nguvu za ziada. Naipinga. Lakini kwanza tuieleze kama wenyewe wanavyoieleza, tusije tukaambiwa tumepigana na kivuli.

Wanasema hivi. Gari la aina hii lina uzito wa tani 11 hadi 17, na watu wengi hufunga nyuma yake kigari cha kutembelea wakishafika kambini. Magharibi mwa Marekani kuna milima isiyo na mzaha: Grapevine kwenye barabara ya I-5 ukitoka Los Angeles kwenda kaskazini, Cabbage Hill ya Oregon kwenye I-84, na ile I-70 ya Colorado inayopanda mpaka handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Huko injini ndogo hutambaa, huchemsha, huwakera walio nyuma, na hufa mapema kwa kuwa kila siku inabebeshwa kuliko uwezo wake. Injini kubwa hupanda bila kuhema, kwa hiyo hudumu. Na mfano wa kweli wanao: magari-nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliyofungwa Cummins ya lita 5.9 yenye farasi 190 hadi 230, mwili mzima ukiwa wa basi. Yale yalikuwa mateso. Aliyewahi kuliendesha mojawapo simbishii.

Ila leo si wengi wanaogombea magari hayo. Ubishi wa sasa uko kati ya farasi 300 na 400, na huko nasaha yao inaanza kuvuja.

Hoja ya kwanza: "Farasi wengi hupanda mlima haraka"

Tupige hesabu, maana mlima hauna ushabiki. Chukua gari la tani 15 na nusu hivi pamoja na kigari chake, kwenye mpando wa asilimia 6 wenye urefu wa kilomita 10. Kata asilimia 20 ya nguvu ya injini kwa ajili ya kile kinacholiwa na giaboksi, ekseli na feni. Injini ya farasi 300 italipandisha kwa kama kilomita 59 kwa saa. Ya farasi 400 italipandisha kwa kama 75. Wa kwanza atafika juu kwa dakika kumi na sekunde chache, wa pili kwa dakika nane.

Dakika mbili. Na hapo nimewapendelea, kwa sababu mipando mingi si mirefu wala mikali kiasi hicho. Kwa ajili ya dakika hizo mbili, mtu aliyestaafu, ambaye safari yenyewe ni ya kwenda kukaa juani wiki tatu, anaambiwa aongeze fedha ambazo zingetosha kubadilisha matairi yote na chenji ikabaki. Nimejaribu kufikiri atazifanyia nini dakika hizo akifika. Labda atamsubiri mwenye farasi 300 amletee sukari.

Kwenye tambarare mambo yanachekesha zaidi. Gari hilohilo likienda kilomita 96 kwa saa, linadai kama farasi 150 kutoka kwenye injini. Wengine wote wamelala. Mwenye 300 ana farasi 150 wanaokoroma, mwenye 400 ana 250, na wote wawili wanafukuzana na lori moja mbele yao.

Lakini hesabu hiyo ina upole usiostahili, kwa kuwa nimeyapa magari yote mawili uzito mmoja. Hakuna dalali anayekuuzia injini ya farasi 400 peke yake. Inakuja ndani ya gari la futi 42, lenye ekseli ya ziada, sakafu ya marumaru, vyumba vitatu au vinne vya kuchomoza ubavuni, na jokofu la nyumbani. Sasa weka uzito wa kweli. Gari la futi 36 lenye farasi 300 na tani 11, dhidi ya gari la futi 42 lenye farasi 400 na tani 17, kila moja likivuta kigari cha tani 1.8. Kwenye mpando uleule wa asilimia 6, dogo litapanda kwa kama kilomita 68 kwa saa na kubwa kwa kama 64.

Rudia kusoma. Aliyeonewa huruma kijiweni ndiye aliyetangulia kufika.

Hoja ya pili: "Achana na farasi, angalia torki"

Kila kijiwe kina mtaalamu wa pili, aliyekaa kimya mpaka wa kwanza aishiwe. Huyu hutamka neno torki kwa sauti nzito, na watu hunyamaza. Kwa namba ana haki: Cummins ISL ya farasi 400 hutoa kama nyutoni-mita 1,600, wakati ISB ya farasi 300 ya lita 5.9 hutoa kama 900. Anahitimisha kwamba ya pili haina misuli ya mlima.

Anasahau giaboksi. Tairi haioni torki ya injini. Inaona torki hiyo baada ya kuzidishwa na gia na ekseli. Magari haya kwa kawaida yana Allison ya otomatiki yenye gia sita. Injini yenye torki ndogo hushuka gia moja au mbili, mizunguko ikapanda kuelekea 2,200, na tairi ikapata msukumo wake. Kinachoamua mwendo juu ya mlima ni torki mara mizunguko, na jibu la kuzidisha huko ndilo linaloitwa farasi. Kwa hiyo mtaalamu wa pili amezunguka mbuyu akarudi palepale alipokuwa wa kwanza.

Torki nyingi inampa dereva raha ya kutosikia gia zikibadilika kila kilima. Ni raha halali. Alipie kama raha, asituambie ni usalama.

Hoja ya tatu: "Injini ndogo huchemsha"

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye uongo uliovaa koti la ukweli.

Ni kweli magari mengi ya farasi 275 hadi 330 huchemsha milimani. Ila sababu mara nyingi si udogo wa injini. Magari-nyumba mengi ya daraja hilo yana rejeta iliyofungwa nyuma kabisa, ikiitazama barabara inayobaki. Feni inasukuma hewa kutoka kwenye chumba cha injini, inapita kwenye intakula (kipoozi cha hewa inayoingia kwenye injini) na rejeta, inatokea nje kwa nyuma. Na karibu na hapo kuna mpira wa kupumulia injini, unaotoa mvuke mwembamba wa oili. Feni huudaka mvuke huo, huuchanganya na vumbi la barabarani, na kuupaka kwenye intakula, mwaka baada ya mwaka.

Mnunuzi akifungua mfuniko wa nyuma anaona mapezi ya rejeta yanang'aa. Anaridhika. Anatakiwa apate tochi, aingie upande wa injini, amulike uso wa ndani. Huko ndiko kuna ugali mweusi wa oili na vumbi, umeziba theluthi ya njia ya hewa, wakati mwingine zaidi. Intakula iliyoziba inaipa injini hewa ya moto, na injini yenye hewa ya moto inapoteza nguvu na kupandisha joto kwa pamoja. Dereva anakanyaga zaidi, joto linazidi. Akifika kambini anatoa ushuhuda: "Injini hii ni ndogo." Kumbe gari lilihitaji sabuni ya kuondoa grisi, maji ya msukumo mdogo yasiyopinda mapezi, na nusu siku ya fundi asiyeogopa kuchafuka.

Sehemu ya pili ya tatizo ni mguu wa dereva. Wengi wanaogopa kelele. Wanaiacha Allison kwenye gia ya juu, injini inalemewa kwenye mizunguko 1,400, wanadhani wanaitunza. Dizeli ikilemewa hivyo inazalisha joto jingi, huku pampu ya maji ikizunguka polepole, na feni pia kama inaendeshwa na mkanda. Ukishusha gia mwenyewe kabla ya mlima kukushika, ukaiacha iimbe kwenye 2,000 na kitu, sindano ya joto inarudi nyuma. Ushauri huo ni wa bure. Labda ndiyo sababu haupendwi.

Kuna pia wanaotisha watu kwa habari ya hewa nyembamba ya Colorado. Hilo linaihusu zaidi injini ya petroli isiyo na tabo. Dizeli zote tunazozizungumzia hapa zina tabo, na tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo wa hewa. Kinachoumia zaidi ni upoozaji, kwa kuwa hewa nyembamba hubeba joto kidogo. Tumerudi kwenye rejeta.

Hoja ya nne: ambayo hawaisemi kabisa

Katika mabishano yote haya, kila mtu anapanda. Sijamsikia anayeshuka.

Msomaji aliyekulia Kenya anaijua barabara ya Salgaa na Sachangwan, kati ya Nakuru na Eldoret. Wa Tanzania anaijua Kitonga. Sehemu hizo hazikupata sifa zao mbaya kwa sababu malori yalishindwa kupanda. Yaliteremka yakiwa yamewekwa gia huru ili kuokoa mafuta, au breki zikapata moto zikakataa. Dereva wa lori aliyetoka huko anakijua kifo cha mteremko kwa majina ya wenzake. Halafu anavuka bahari, ananunua gari-nyumba, na swali lake la kwanza linakuwa farasi wangapi wa kupandia!

Hesabu ya kushuka ni hii. Gari letu la tani 15 na nusu, mteremko wa asilimia 6, mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Ili lisiongeze mwendo, lazima kitu fulani kimeze nguvu inayokaribia farasi 150, kila sekunde, mpaka chini. Kama kitu hicho ni breki za magurudumu peke yake, zitanuka, kisha zitalegea. Kwa hiyo injini lazima isaidie, na injini husaidia kwa njia tofauti. Ipo breki ya eksosi, ambayo huziba njia ya moshi. Ipo breki ya mgandamizo, ambayo hufungua vali na kuigeuza injini kuwa pampu ya kumeza nguvu, na hii ina uwezo mkubwa zaidi. Na kuna magari yanayouzwa yakiwa hayana hata moja, au yenye breki ya eksosi ambayo haijawahi kuwashwa kwa miaka, vali yake imeganda kwa kutu.

Sasa angalia jinsi namba ya farasi isivyokwambia lolote juu ya hili. Caterpillar C7 ya farasi 350, ambayo kijiweni inaheshimiwa, kwenye magari-nyumba hutegemea breki ya eksosi. C9 ya farasi 400 ndiyo yenye ya mgandamizo. Cummins ISB hutegemea eksosi. ISL imeuzwa kwa wingi ikiwa na ya mgandamizo. Tofauti kubwa ya maisha na mifupa imekaa hapo, na haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Nitawapa haki yao: ISL yenye breki ya mgandamizo inayofanya kazi ni sababu nzuri ya kununua injini kubwa. Ndiyo sababu pekee ninayoiheshimu, na ndiyo pekee wasiyoitaja. Lakini hata hapo kuna deni. Gari la tani 17 linadai breki nyingi kuliko la tani 11, kwa uwiano uleule wa uzito. Aliyenunua farasi 100 zaidi pamoja na tani sita zaidi asijipigie makofi mapema.

Hoja ya tano: "Kubwa hudumu, kwa hiyo ni nafuu"

Hudumu nini? Magari-nyumba mengi hayafi kwa injini kuchoka. Injini hizi zilitengenezwa kwa malori na mabasi yanayotembea kilomita mamia ya maelfu. Gari-nyumba la miaka 20 mara nyingi halijafika hata kilomita 150,000. Linakufa kwa kukaa. Sili zinakauka, dizeli inaoza kwenye tangi, matairi yanapasuka kwa uzee yakiwa bado na kashata nzima. Tazama ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kwenye gari la ekseli mbili utabadilisha sita. Kwenye lile kubwa lenye ekseli ya ziada, nane. Oili nayo: ISB ya lita 5.9 inachukua kama lita 15. ISX ya lita 15, ile ya farasi 600 ambayo watu hupiga nayo picha, inachukua zaidi ya 40. Filta, mikanda, maji ya rejeta, saa za fundi, vyote vinafuata ukubwa.

Tena mwaka wa injini una gharama kuliko farasi wake. Kuanzia kanuni za hewa safi za mwaka 2007, dizeli mpya za barabarani Marekani zilianza kuja na kichujio cha masizi, na kuanzia 2010 nyingi zikaongezewa tangi la urea pamoja na sensa zake. Sensa moja ikikataa, kompyuta inaipunguzia injini nguvu, na farasi wako 400 wanageuka punda wachache mpaka fundi apatikane. Injini za kabla ya hapo nazo zina mitego yake. Baadhi ya ISB za lita 5.9 za miaka ya 1999 hadi 2001 zina bloku lenye namba 53, linalojulikana kwa kupasuka ubavuni na kuvuja maji. Namba hiyo imechorwa kwenye chuma, ukiinama unaiona. Kuinama ni dakika moja, lakini kijiweni hakuna anayeinama.

Kuna pia bango la uzito, lile la karibu na kiti cha dereva. Lina namba mbili za kusomwa pamoja: uzito wa juu wa gari lenyewe, na uzito wa juu wa msafara mzima pamoja na kinachovutwa. Si ajabu kukuta ndoano ya nyuma imeandikwa ratili 10,000, huku tofauti ya namba hizo mbili ikiwa ratili 4,000 tu. Ndoano inaahidi, bango linakataa, na farasi hawana kura.

Na tafadhali, mtu asinijie na habari ya chipu. Anasema utanunua ya farasi 330, utaiwekea programu, itatoa 400. Ni kweli itatoa. ISL moja yenyewe imeuzwa kwa viwango tofauti vya farasi, na tofauti yake kubwa ilikuwa programu. Lakini rejeta haikupata programu. Giaboksi haikupata, breki hazikupata, bango la uzito halikubadilika. Wale wale waliosema injini ndogo huchemsha ndio wanaoshauri iongezewe moto.

Kwa hiyo swali la farasi wangapi lina jibu moja: kwa kilo ngapi? Lipeleke gari kwenye mizani ya kituo cha malori likiwa na maji, mafuta na watu, jumlisha uzito wa kitakachovutwa, gawanya kwa farasi. Kwa hukumu yangu, ukipata kilo 50 kwa kila farasi au pungufu, huna cha kuonea aibu popote Marekani. Ikizidi 60, wana haki, liache. Katikati ya hapo, amua kwa subira yako na si kwa macho ya watu.

Kisha lipeleke mlimani. Lipande huku ukitazama joto, ulishushe huku mguu ukiwa mbali na breki, usikie kama injini inalishika au inalisindikiza tu. Ukiteremka, shika tochi ukamulike upande wa ndani wa intakula. Dalali akikataa mizani, au akisema mlima uko mbali na mafuta ni ghali, mrudishie funguo zake.